Miti Iliyonenepeshwa kwa Moshi

Kazi ya kitalu cha miti inaanza na mavi ya ng'ombe. Nayataja mapema ili ninyi mliobaki kazini, mnaoingia kitaluni na viatu vyeupe, msije mkasema bibi aliwaficha. Unayachota kwa mikono, unayaponda, unayachanganya na udongo wa msituni na mchanga wa mtoni, unachekecha. Halafu ndiyo unaanza kuzungumza habari za kuokoa dunia.

Mimi nimestaafu mwezi uliopita. Nilipewa kitenge, birika na hotuba. Hotuba ilikuwa ndefu kuliko kitenge. Afisa mmoja kijana alisema hewa ya dunia imebadilika, hewa ya ukaa imeongezeka, na kwa kuwa miti inaila hewa hiyo, itakua haraka na sisi wa Mara tutaneemeka. Watu wakapiga makofi. Mimi nimekaa na birika langu mapajani, nikawaza kwamba habari hii niliisikia kabla mama yake hajamfikiria, na siku ile pia makofi yalipigwa. Basi nawaandikia yaliyofuata baada ya makofi yale.

Nilianza kazi miaka ya ujamaa, tulipokuwa tumeshushwa kutoka milimani na kupangwa kando ya barabara, upande wa Susuni, nyumba baada ya nyumba kama vikombe kwenye rafu ya duka. Nilikuwa na darasa la tatu na mtoto mgongoni. Kijiji kiliambiwa kiwe na kitalu cha miti, na wanaume wakakaa kikao, wakaona kazi ya kuinama asubuhi hadi jioni inawafaa wanawake. Nawashukuru. Bila uvivu wao nisingepata ajira.

Aliyenipokea ni Wankuru, mama mtu mzima, mrefu, mwenye mikono mikavu kama kuni. Hakuwa mtu wa maelezo. Siku ya kwanza nilinyanyua mche kwa kushika shina. Akaja, akanishika sikio, akaninyanyua nalo.

"Unasikia raha?"

"Hapana, mama."

"Na yeye hasikii. Mshike jani."

Nimewafundisha wengi wenu jambo hilohilo kwa maneno matupu, na naona bado mnashika shina. Masikio yenu nimeyahurumia bure.

Vifaa vyetu vilikuwa kijiti kilichochongwa cha kutobolea shimo la mche, kisu cha kukatia mizizi tulichokitengeneza kwa bati la debe, na kopo lililotobolewa kwa msumari la kumwagilia. Kitalu tulikiweka karibu na boma kubwa la ng'ombe. Nyakati zile wezi wa mifugo walikuwa wanakuja na silaha, kwa hiyo ng'ombe wa kijiji kizima walilala pamoja, wakazungukwa na miiba na wanaume waliosema hawalali. Samadi ilikuwa mkononi, kisima kilikuwa karibu. Tulijiona tuna akili.

Kisha miche ya mikaratusi iliyokuwa upande wa boma ikaanza kuungua ncha za majani. Ilikuwa kana kwamba mtu amepita nayo kwenye moto wa sigara, jani baada ya jani. Iliyo mbele kabisa ilikufa. Lakini ya nyuma yake kidogo, iliyopata hewa ya boma kwa mbali, ilikuwa inapanda juu kwa kasi ya kutia aibu, majani meusi kwa ubichi. Kijijini wakasema ni jicho la mtu. Walimaanisha jicho la Wankuru, maana mama mwenye ng'ombe wake mwenyewe hakosi kuwa na jicho.

Bwana Miti aliletwa kutuangalia. Aliitwa Elinami, Mpare, kijana mwembamba mwenye baiskeli na heshima. Alisema shikamoo kwa kila mtu hadi kwa wasichana. Akapiga magoti kati ya matuta, akanusa.

"Mama, hapa jioni macho yanawasha?"

"Yanawasha," Wankuru akamjibu. "Ni boma la ng'ombe. Ulitaka linukie marashi?"

"Hiyo hewa inayowasha macho ndiyo imeunguza majani. Inatoka kwenye mkojo, inaitwa amonia. Ikizidi inaunguza. Ikiwa kiasi, jani linaila, na mti unakimbia kama huo wa nyuma."

Wankuru akasema si hewa, ni mkojo wenyewe umepenya ardhini. Elinami hakubishana, na hapo ndipo alipopata heshima yetu. Akasema tupime. Tukatengeneza vichanja viwili vya miti, virefu kufika kiunoni. Tukajaza udongo wa ndoo moja kwenye mifuko, tukaotesha mbegu za kifuko kimoja. Kichanja kimoja tukakiweka mbele ya boma, mbali kidogo ili miche isiungue, mahali upepo wa jioni kutoka ziwani unapopeleka harufu. Kingine tukakipeleka juu, kwenye kilima cha mawe, ambako upepo unatoka kwingine. Maji kopo kwa kopo. Mkojo wa ng'ombe haupandi kichanja, hata wa ng'ombe wa Mkurya. Mvua kubwa ilipokwisha tukaishusha chini, na miche ya mbele ya boma ilikuwa inanifika kifuani, ya kilimani magotini. Wankuru aliizunguka yote, akarudi, akasema, "Kumbe anakula hewa, mshenzi huyu." Alikuwa anausema mti.

Ingeishia hapo tungekuwa salama. Lakini Elinami aliitwa mkutanoni aeleze. Mwenyekiti wa kijiji chetu, Mzee Mwita, alikuwa mtu mwema, mwenye tumbo na mafahali, na kila jambo alilipima kwa mafahali.

"Unasema mti unakula hewa. Pua yake iko wapi?"

"Chini ya jani, Mwenyekiti, kuna matundu madogo. Hayaonekani kwa macho."

"Aa. Yasiyoonekana ndiyo unayoyajua vizuri." Watu wakacheka. "Endelea, mwanangu."

Elinami akaendelea. Akasema mbali na ile ya boma, chakula kikubwa cha mti ni hewa ya ukaa, ileile inayotoka kwenye moshi na kwenye pumzi zetu. Akasema huko Ulaya viwanda vinaitoa kwa wingi, na wako wanaodhani itazidi kujaa duniani kote, na miti itaongeza mwendo. Alitaka kusema na neno la pili, kuhusu ubao. Hakupewa nafasi. Mwenyekiti alikuwa ameshasimama.

"Ndugu wananchi, mmesikia. Moshi ni chakula cha mti. Sisi moshi tunao!"

Makofi hayo. Kuanzia wiki ile kila nyumba ilipangiwa zamu ya kunenepesha miti. Ile miche ya boma tulikuwa tumeipanda mstari mrefu kwenye mteremko, juu kidogo ya boma, na chini yake tukawa tunawasha mavi makavu kila jioni, moto usiowaka vizuri, ili moshi upande juu. Wanawake ndio tuliowasha, kwa sababu hata moshi wa taifa unahitaji mtu wa kuinama. Tulikohoa, watoto wakakohoa, ng'ombe wakakohoa. Elinami alimfuata Mwenyekiti hadi nyumbani kwake.

"Mzee, sikusema hivyo. Hewa hiyo haikai pale ulipowasha moto, inatawanyika. Mnajichosha. Na mti unaokimbia sana..."

"Kijana, kwenu Upare ndama akinenepa haraka mnalia?"

Ile miti ilinenepa. Ilikuwa inanenepa hata kabla ya moto, kwa hewa ya boma, kila jioni, mwaka hadi mwaka. Lakini nani angemwambia Mwenyekiti? Alikuwa anawaleta wageni, anawaonyesha, anasema, "Hii tumeilisha wenyewe." Mingine ya kitalu kilekile, iliyopandwa siku ileile juu ya kilima cha mawe, haikuletewa mgeni hata mmoja. Ilikua polepole, myembamba, imejipinda kati ya mawe. Wanaume waliiita mbuzi. Ya chini waliiita mafahali, na mingine ikapewa majina ya mafahali kabisa.

Sasa niwaeleze habari ya Robi, maana bila yeye haya yote yangekuwa ni maneno ya miti tu.

Wankuru hakuzaa mtoto wa kiume, na kwa mila yetu alioa. Ndiyo, alioa. Alitoa ng'ombe, akaletewa msichana aitwaye Robi, na watoto ambao Robi angewazaa kwa mwanamume wa nje wangekuwa wa nyumba ya Wankuru, warithi wa jina lake na boma lake. Robi alikuwa mpole, mwenye kicheko cha ghafla. Mimba yake ya kwanza ilifika mwisho wakati wa masika. Tukambeba kwenye kitanda cha kamba kuelekea hospitali, ambayo ilikuwa mbali, mvua ikatukuta njiani, akajifungua chini ya migomba, kwenye tope. Mtoto alilia kidogo. Tulikuwa na khanga nyingi, na zote zilikuwa zimelowa. Tukambadilishia hii, tukambadilishia ile, hadi akawa halii tena.

Kijiji kilipokubali kujenga zahanati kwa nguvu zetu, yenye ukumbi mbele na chumba cha kujifungulia nyuma, Wankuru alikuwa wa kwanza kwenye matofali kila siku ya kazi. Na Robi alipopata mimba nyingine, Wankuru akamwambia Mwenyekiti mbele ya watu, "Huyu atazaliwa chini ya bati."

"Akiwa wa kiume utafurahi," Mwenyekiti akasema.

"Nataka aliye hai. Mengine nitapanga mwenyewe."

Kuta zikapanda. Mabati yakaletwa. Ikabaki miti ya kenchi za kubebea bati, na masika yalikuwa yanakaribia kama tumbo la Robi.

Siku ya kuchagua miti wazee walishuka kwenye mstari wa boma wakiwa na fimbo zao, wakaichagua kama wanavyochagua ng'ombe wa mahari. Wanaupiga mti kofi ubavuni, wanarudi nyuma, wanainamisha kichwa. "Huyu amejaa." "Huyu ana mgongo." Mmoja aliangalia chini, sijui alikuwa anatafuta kwato. Mafahali yote yakawekewa alama.

Elinami akaomba neno. Alikuwa amekata matawi mapema, akayaanika kivulini hadi yakakauka. Akatoa vipande viwili vya ukubwa mmoja, kimoja cha boma, kimoja cha kilimani, akavitumbukiza kwenye ndoo ya maji. Cha kilimani kikazama karibu chote, kikabakiza mgongo. Cha boma kikaelea juu kama bata.

"Mmeona? Mti uliokimbia umejenga kuta nyembamba ndani yake. Ni sawa na mtu anayejenga nyumba kwa haraka. Ubao wake ni mwepesi, utajikunja, utapasuka, utabonyea katikati ukibeba bati."

Mwenyekiti akaigonga ndoo kwa fimbo.

"Mwalimu," akasema, "sisi tunajenga zahanati. Hatujengi mtumbwi."

Walicheka hadi mmoja akaketi chini. Ninyi mnaodhani ukimwonyesha mtu ushahidi atabadilika, nendeni mkanunue ndoo. Wankuru alisubiri wamalize.

"Mwenyekiti, mura," akasema. Mura ni kijana wa kiume kwa Kikurya. Mzee Mwita alikuwa na wajukuu. "Ukumbi ni wenu. Wekeni mafahali. Chumba cha nyuma ni cha wanawake, mgeni haingii, wewe mwenyewe huingii. Tupeni mbuzi."

"Zile fito za kilimani?"

"Hizohizo."

"Chukueni!" Akapunga fimbo. "Mkunga atawashikia zisianguke."

Ndivyo tulivyopata miti mizuri kuliko yote kijijini, kwa dharau. Tukapanda kilimani, tukaikata wenyewe. Shoka lilikuwa linaruka kama unapiga jiwe, na mimi mkono ulivimba. Elinami alitaka haki itendeke, kwa hiyo miti yote, ya juu na ya chini, alitufanya tuitunze sawasawa. Tuliimenya magome, tukaipanga juu ya mawe isiguse ardhi, kivulini, tukaipaka mavi ya ng'ombe kwenye ncha ili isikauke kwa haraka na kupasuka. Hata hivyo miti ya boma ilianza kulia. Pah! Kisha kimya. Pah! Ncha zikafunguka kama midomo.

"Mwenyekiti, inapasuka hiyo," nikamwambia.

"Inapumua," akasema. "Si mmesema inapumua?"

Nitawaambia ninachokiamini, halafu mtaandika chenu. Elinami mwenyewe hakudai kwamba ni hewa peke yake. Alisema kilima kile kina mawe, na mawe nayo yanauchelewesha mti. Alisema kukausha vibaya kunaharibu hata mti mwema. Lakini vichanja nilivimwagilia mimi, udongo wa ndoo moja, na niliona hewa peke yake inavyoweza kumkimbiza mti. Nimekata miti mingi tangu hapo, Tarime na baadaye Machochwe, ambako tembo walikagua kazi yangu mara nyingi kuliko wakubwa. Nikiona mti umekimbia, sipigi makofi. Nakata kipande, nakikausha, nakibeba mkononi, nisikie uzito wake. Hewa ya sasa imebadilika, nakubali, kijana wa hotuba hakudanganya. Na pengine itainenepesha misitu yote. Lakini yeye alipima urefu. Hakuna mahali aliposema alibeba kipande.

Kenchi zikapigwa. Mbele mafahali, manene, meupe, yanang'aa, watu wakapita wakiyasifu. Nyuma mbuzi, nyembamba na nyeusi, zimepinda hapa na pale. Fundi alitukana kila msumari alioupinda kwa kuzigongelea. Bati likapanda. Mgeni rasmi kutoka wilayani akapangiwa siku ya kuja kufungua. Wanaume waliipanga siku hiyo kwa hesabu za ng'ombe wa kuchinja. Mvua hawakuiuliza.

Masika yakaanza mapema. Kwanza ukumbi uliinama kidogo katikati, kama mgongo wa punda. Fundi akasema ni kawaida. Kisha kenchi moja ikajizungusha, ikang'oa misumari, bati likanyanyuka upande mmoja na kuanza kupiga kelele kila upepo ukija. Wakaweka mawe juu ya bati. Kwa hiyo sasa mafahali yalikuwa yamebeba bati, maji na mawe.

Siku ya ufunguzi, mchana, mvua ikaja kwa ukali wa kwetu. Mgeni alikuwa ameshafika na gari lake, watoto wa shule wameshaimba, Mwenyekiti amevaa shati jipya la mikono mifupi. Wakakimbilia ukumbini. Ukumbini maji yalikuwa yanamwagika sehemu nyingi kuliko zisizomwagika. Viti vya wageni vilikuwa vinaoga. Wakabanana ukutani, mgeni ameishika hotuba yake ndani ya koti, na kenchi ya katikati ikatoa sauti ndefu ya mlango wa zamani. Hapo kila mtu alikumbuka kwamba kuna chumba nyuma.

Ila Robi alikuwa mle tangu asubuhi. Uchungu ulikuwa umemshika wakati ng'ombe anachinjwa, na Wankuru alimpeleka bila kumuuliza mtu, akatandika majani makavu na khanga juu yake. Mkunga alikuwa mle, na mimi nilikuwa nimemshika Robi mgongo. Juu yetu bati lilikuwa linanguruma hata tukisema hatusikiani, na zile fito zilikuwa zimetulia tu. Nilitazama juu mara nyingi kuliko nilivyomtazama Robi. Nilikuwa natafuta tone.

Mlango ukagongwa. Wankuru akaufungua upana wa uso wake, na mimi nikamwona Mwenyekiti nje, shati limegandamana na tumbo, na nyuma yake mgeni wa wilaya anafuta miwani kwa kidole.

"Mama Wankuru, mgeni analowa. Tuingie hapo pembeni tu, tufanye ufunguzi mfupi."

"Kuna mtu anakuja," Wankuru akasema. "Akifika mtaingia."

"Ni mgeni kutoka wilayani!"

"Na huyu anatoka mbali zaidi."

"Wankuru. Nakuomba."

Sikuwahi kumsikia Mwenyekiti akimwomba mwanamke. Nadhani na yeye hakuwahi kujisikia. Mgeni, ambaye alikuwa mtu mstaarabu, akasema kutoka nyuma, "Tusubiri, Mwenyekiti. Tusubiri tu." Wakasubiri. Walisimama chini ya mchirizi, kwa sababu ukumbi wao ulikuwa umezibwa na mafahali yaliyoinama, na Elinami alisimama nao, akashikilia mwavuli juu ya mgeni bila kusema neno lolote, si la ndoo wala la mtumbwi. Mimi ningelisema.

Robi aliniuma mkono. Kisha akapiga kelele moja, na mtoto akatoka, mkubwa, mwenye hasira, akalia juu ya sauti ya bati. Wankuru alimpokea kutoka kwa mkunga. Alimpapasa kichwani, mgongoni, miguuni, kama mtu anayetafuta kitu alichokipoteza. Akaichukua khanga ya juu kwenye rundo, akaigusisha shavuni kwake kwanza, akamfunika. Akachukua ya pili, akaigusisha, akamfunika.

Nje Mwenyekiti alikuwa amesikia kilio. Akaweka mdomo kwenye ufa wa mlango.

"Wa kiume?"

Wankuru akaufungua mlango kidogo. Alimtazama kuanzia kichwani, maji yanamtiririka puani, hadi kwenye viatu vyake vilivyojaa.

"Wa kike," akasema. "Na ni mkavu."

Akaufunga mlango.